Nilivyonyoosha mkono kwenye meza za pool za Kisumu

Nilipokuwa nakosa mipira ya wazi nililaumu macho, kumbe kijiti ndicho kilichokwenda kombo nilipogonga. Niligundua hivyo kwa jaribio ambalo hadi leo nalifanya kabla ya mchezo, iwe Kondele au Nyalenda. Naweka mpira mweupe katikati ya mstari wa kuanzia, naugonga katikati kabisa uende ukingo wa mbali na kurudi, kisha nakiacha kijiti palepale kilipoishia. Mpira ukirudi kugusa ncha, mkono umenyooka. Ukienda sawa lakini ukarudi pembeni, umeugonga ubavuni bila kujua, na ule mzunguko umejitokeza ulipogusa ukingo. Ukianza kupinda mwendo ukiwa umepungua, meza ndiyo imeinama. Kumbuka imeinama upande gani.

Kilichonipotosha ni kukamata kijiti kwa nguvu. Kiganja kikikaza, kifundo cha mkono hujipinda na ncha hutoka njiani. Sasa nashika kwa kidole gumba na vidole viwili tu. Ncha ikikaribia mpira, kigasha kinaning'inia chini moja kwa moja kutoka kwenye kiwiko. Mkono wa mbele nauweka sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa mpira. Navuta nyuma polepole, natulia kidogo, nasukuma, na kijiti nakiacha kipite mbele sentimita 10 au zaidi. Kichwa hakiinuki hadi mipira itulie.

Nyumbani nalaza chupa tupu ya soda mezani na kuingiza ncha shingoni, mbele na nyuma, bila kugusa kioo. Mara 50 kila jioni. Mlio wa kioo utakuambia mkono umekwenda kombo.

Kazi kubwa iliyobaki ni kuusimamisha mpira mweupe. Meza za sarafu, zile unazolipia ndipo mipira itoke, humeza kila mpira unaotumbukia, kwa hiyo sipangi pembetatu ya kuanzia mchezo: mipira 15 iliyotoka ni majaribio 15. Natenga mpira sentimita 30 mbele ya mweupe, kwenye mstari mmoja na shimo, kisha nagonga mweupe chini kidogo ya katikati. Ukisimama papo hapo ulipogongana, nimefaulu. Ukifuata mbele, nimegonga juu mno au polepole mno. Ukirudi nyuma, nimegonga chini mno. Nikisimamisha 12 kati ya 15, natenga kwa sentimita 60, halafu 90. Kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo unavyolazimika kugonga chini zaidi au kwa nguvu zaidi, maana kitambaa hula ule mzunguko wa nyuma njiani, na ukiisha kabla ya kugongana mpira huanza kubiringika. Kipindi cha mvua kitambaa hufyonza unyevu na mipira huenda polepole, kwa hiyo kipimo cha jana usikiamini.

Faida yake huonekana pale mipira isipokuwa kwenye mstari mmoja. Mweupe ukifika ukiwa unateleza tu, bila mzunguko wa mbele wala wa nyuma, hutoka kwa pembe ya nyuzi 90 na njia ya mpira uliogongwa. Ukifika ukibiringika na kugonga karibu nusu ya mpira, huchepuka takriban nyuzi 30 kutoka njia yake ya mwanzo. Kwa pembe hizo mbili naona mapema kama mweupe utatumbukia shimoni.

Kagua mpira mweupe wenyewe pia. Kwenye meza nyingine ni mdogo au mzito kuliko mingine ili mashine iutenge. Uweke ubavuni mwa mwingine na upitishe kiganja juu yake. Mzito husukuma mbele hata ukiugonga chini, na kuurudisha nyuma ni shida. Mdogo ni mwepesi, hurudi upesi kuliko ulivyokusudia.

Choki paka kila pigo, kwa kufagia juu ya ncha, si kuizungusha kama unatoboa. Ncha bapa isugue kwa msasa hadi iwe ya mviringo kwa juu. Hata hivyo, ukivuka nusu ya umbali kati ya kitovu cha mpira na ukingo wake, itateleza tu.

Ndipo nikaanza kupanga mchezo kutoka mwisho: nachagua kwanza mpira utakaonipa mweusi, ule unaotumbukizwa mwisho, kwa pembe ndogo, naulinda, na kuanza na iliyobanwa ukingoni.