Happyness kwa y: nilivyolitetea jina langu

Baba alikuwa na daftari la kuandikia kilo za kahawa aliyopeleka chama cha msingi. Sisi watoto wake alituandika humohumo. Ukurasa wa mwaka 1991 ni kilo na tarehe, kilo na tarehe, halafu katikati kuna mstari huu: "6/8/91 Jumanne usiku. Happyness kazaliwa." Kisha kilo zinaendelea. Mkia wa ile y ameuvuta mpaka ukakata mstari wa chini.

Jina hilo nimekwenda nalo hivyohivyo kwenye kadi ya kliniki, kipaimara, shule ya msingi na cheti cha kuzaliwa. Lilibadilika mwaka tuliosajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu aliyekuwa anajaza majina aliniita mezani kwake akasema, "Hili jina limekosewa. Kwa Kiingereza linaandikwa kwa i." Nikaitikia, "Sawa, mwalimu." Nilidhani amenisaidia. Cheti kikatoka na Happiness.

Miaka ikapita bila tatizo, maana watu wanaokuita wanalisikia jina, hawalisomi. Tatizo lilikuja mwaka 2019 nilipopata kazi ya uhasibu. Afisa utumishi aliweka kitambulisho changu cha taifa na cheti cha kidato cha nne kimoja pembeni ya kingine, akaviangalia kwa muda, akasema, "Dada, hapa nina watu wawili." Nikamwonyesha namba yangu ya kitambulisho. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yangu ya kuzaliwa, ileile ya kwenye cheti cha kuzaliwa. Akasema tarehe anaiona, anachotaka ni jina. Akanipa wiki mbili.

Karibu kila niliyemuuliza alinishauri kitu kimoja: tengeneza hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, uwe Happiness kila mahali, mambo yaishe. Hata mama mdogo, anayenipenda kama mwanawe, aliniambia, "Mwanangu, ni herufi moja tu." Nililala nikiwaza hiyo herufi moja. Hati ile maana yake unatamka kwamba umeliacha jina la zamani. Mimi jina la zamani la kuacha sikuwa nalo. Nilikuwa na jina nililopewa, na juu yake kuna mtu amepitisha kalamu.

Kwa hiyo nikaenda kwa wakili kuapa tu kwamba Happyness na Happiness ni mtu mmoja. Kiapo cha kwanza kilikataliwa, na ninaona walikuwa na haki: kilikuwa karatasi moja yenye sentensi nne, hakuna chochote cha kuithibitisha. Hapo ndipo nikapanda basi kwenda sekondari niliyosoma. Mkuu wa shule wa sasa hanijui, lakini mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akamtuma karani stoo kutafuta rejista ya udahili ya mwaka wetu. Ilikuja na vumbi, jalada limeachana na karatasi. Tulipofika kwenye namba yangu tukaliona jina: Happyness kwa wino wa bluu, y imekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake i ndogo.

Ile i nyekundu ndiyo iliyonipa kazi. Mkuu wa shule alitoa nakala ya ukurasa ule, akaugonga muhuri, akaandika barua kwamba mwanafunzi wa namba hiyo ndiye mimi. Wakili akaandika kiapo upya, safari hii kikitaja kila cheti kwa namba yake na kila tahajia ilipo. Afisa utumishi alisoma vyote, akaingiza jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho. Cheti cha kidato cha nne nimekiacha kama kilivyo. Kiapo kinakaa nacho bahasha moja.

Bado ninaambiwa kwamba jina langu ni kosa. Sikubali. Mwenzangu ofisini anaitwa Athumani, na sijawahi kusikia mtu akimwambia arudi kwenye Uthman. Kuna Hamisi na kuna Khamis, kuna Hadija na kuna Khadija, na kila mmoja anaitika kwa lake. Kwetu Kilimanjaro Mkatoliki ni Yohane na Mlutheri ni Yohana, wote wamepewa jina la mtume yuleyule, na hatujawahi kugombana. Majina hayo yaliingia kwetu yakafuata ulimi wetu. Kwa nini ya Kiingereza pekee ndiyo yaendelee kudaiwa kwa mwenyewe? Baba alilijua neno happy, akaongeza mwisho aliousikia kwa akina Loveness na Witness. Alijua alichokuwa anasema: alikuwa amefurahi.

Ila kuna jambo moja ninalisisitiza sasa kwa yeyote mwenye mtoto mchanga. Andika upendavyo, lakini andika vilevile kila mahali. Kwenye mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, cheti kinatolewa kituo cha afya au ofisi ya kata, na kinajazwa kwa mkono. Anayekijaza anaandika anavyosikia, au anavyoona yeye ndiyo sahihi. Kumtajia jina kwa mdomo hakutoshi.

Mdogo wangu alipopata binti, mkewe alitaka Aysha, kwa y. Wakwe walinung'unika, wengine wakitaka Asha, wengine Aisha. Wifi akanipigia. Nikamwambia, "Wifi, mtoto ni wako, jina ni lako. Kesho twende wote." Asubuhi alikuja na karatasi aliyoandika herufi kubwa, moja moja, zimeachana: A Y S H A. Tulimpa mhudumu ile karatasi kabla hatujasema neno. Akaandika, akakigeuza cheti upande wetu tukisome kabla hajagonga muhuri. Wifi akasoma kwa kidole, herufi baada ya herufi, akarudia tena, ndipo akasema, "Ndiyo yeye."