Moto Chini ya Kapeti

Mama ndiye aliyeanza kusema. Tulikuwa tumeshavuka Wami, tunakwenda Moshi kwa sikukuu za mwisho wa mwaka 2008, akasema kandambili zake zinalainika. Baba akatazama temperecha: mshale uko katikati, palepale unapokaa siku zote. Lakini kufika Mkata harufu ya kapeti kuungua ilikuwa imejaa ndani, na pamoja nayo harufu ya yai viza. Baba akaegesha pembeni. Kushuka tu, akaona moshi mwembamba unatoka kwenye nyasi kavu chini ya gari. Akarudi mbio akalisogeza hadi kwenye kokoto tupu, nasi tukazikanyagakanyaga zile nyasi mpaka zikazima.

Lilikuwa Corolla 110 la mwaka 1997, injini ya 5A, na baba alilipenda sana. Kwa muda lilikuwa likitetemeka kwenye foleni na kunywa mafuta kuliko kawaida. Fundi mmoja wa Dar alisafisha nozeli. Mwingine alitaka akate masega, kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi chini ya gari, aweke bomba tupu, eti gari lipumue. Hilo la masega linaniudhi mpaka leo. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye bei kubwa, na wapo mafundi wanaokata masega ya mteja huku mnunuzi anasubiri. Mteja anaondoka na moshi mchafu zaidi, na ugonjwa wake uleule.

Gari lilipopoa, tukajikokota hadi Korogwe. Dereva wa lori akatuelekeza kwa fundi mmoja mzee nyuma ya stendi. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba mjukuu wangu" kutoka uvunguni mwa Land Rover.

Hakukimbilia boneti. Alianza kwa kupapasa rimu, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na joto sawasawa, kwa hiyo hakuna breki iliyoshika. Giza lilipoingia akatandika gunia, akalala chali, akamwambia baba awashe na apandishe moto kidogo.

"Binti, zima tochi."

Nikachungulia. Masega yalikuwa mekundu kama kaa la mawe linalopulizwa. Juu yake sakafu ya gari ilikuwa wazi, na matundu ya bolti yapo bila kitu.

"Bati la kukinga joto liko wapi?"

Baba akasema lilikuwa linapiga kelele, gereji moja ikaling'oa. Mzee akaguna.

Mimi nilidhani jibu limepatikana. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anaanza. "Masega hayawaki yenyewe, mwenzangu," alimwambia baba. "Kuna mahali petroli inapita bila kuungua, inakuja kuungulia humu." Masega mazima hufanya kazi kwenye nyuzi 400 hadi 800 hivi za Sentigredi. Silinda moja ikikosa cheche, nozeli yake inaendelea kumwaga petroli, ile petroli inateremka mbichi pamoja na hewa yake na kuwaka ndani ya masega, na joto linaweza kupita 1,000. Hapo kauri ya ndani inaweza hata kuyeyuka na kuziba njia ya moshi.

Tukalala gesti. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, akafungua kifuniko cha manifodi, yale matawi ya bomba yanayotoa moshi kwenye kila silinda, akawasha kwa muda mfupi tu, kisha akachovya kidole kwenye kopo la maji na kudondoshea tone kwenye kila tawi la bomba. La kwanza, chwaa, likakauka. La pili hivyohivyo. Kwenye la tatu tone likakaa, likateleza taratibu, likadondoka chini likiwa bado maji. Sijawahi kuona kipimo kizuri kama kile. La nne likakauka.

Akachomoa waya wa plagi namba tatu. Ulitoka unachuruzika oili nyeusi, raba ya mwisho wake imevimba na kupasuka. Shimo la plagi lilikuwa limejaa oili, kwa sababu raba za kuzibia chini ya kava la tapeti zilikuwa zimekauka kwa uzee. Cheche ilikuwa inatorokea pembeni badala ya kufika kwenye ncha ya plagi. Raba ya bei ndogo kule juu ndiyo iliyounguza nyasi za Mkata.

Waya na raba viliagizwa Tanga, vikaja na basi la mchana. Alipomaliza akaweka kiganja nyuma ya ekzosi, akamwambia baba akanyage mafuta, akaridhika kwamba moshi unasukuma kwa nguvu, yaani masega hayajaziba. "Usikubali yakatwe," alisema.

Bati tulilitengenezesha Moshi kwa fundi wa mabati. Baba alisimama naye mpaka mwisho, akihakikisha pamebaki nafasi ya upana wa kidole kati ya bati na sakafu, hewa ipite.