Namba mbili za skauti

Hapa Moshi ukitaka kuangalia mechi ya besiboli ni saa nane usiku kwenye simu, tena bando likikubali, kwahiyo nisijifanye mtaalamu. Ila ukiongoza wageni mlimani miaka mingi unaokota vitu, na kuna kitu nilikiokota kwa mzee mmoja Mmarekani, skauti mstaafu, yaani mtafuta vipaji wa besiboli, mpaka leo nikiona tunavyochagua madogo wa UMITASHUMTA huku kwetu kinanirudia kichwani.

Kwa asiyejua, pitcha ni yule mrushaji anayesimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja anamrushia mpira mwenye gongo. Umbali wao ni mita 18.44, mpira una gramu kama 145, na akiurusha kwa km 150 kwa saa nusu sekunde haijaisha umeshafika, yaani mwenye gongo anatakiwa aamue kabla hata hajauona vizuri. Uwe na wapigaji wazuri namna gani, huna pitcha utafungwa tu. Ndo maana timu zote 30 za ligi kuu ya Marekani zina watu wanazunguka dunia kutafuta mikono.

Wengi tunajua skauti anaenda na tochi, ile ile wanayotupimia trafiki barabarani, mwenye spidi kubwa anabebwa, kwisha habari. Tochi wanayo kweli na wanaijali sana, ila kinachoamua hela ni karatasi. Kwenye karatasi kila aina ya mpira anaorusha dogo inapewa alama kuanzia 20 mpaka 80, na 50 ndo wastani wa mchezaji wa ligi kuu, sasa utamu uko hapa, alama zinakuwa mbili. Ya kwanza ni alivyo leo, ya pili ni atakavyokuwa akishakomaa. Dogo wa miaka 17 mpira wake wa kupinda unaweza kupewa 35 ya leo na 55 ya baadaye, na timu inalipia ile ya pili.

Sasa hiyo ya pili inatoka wapi wakati hakuna aliyeiona? Nilimuuliza mzee, hakunijibu kwa maneno. Tulikuwa tunaelekea Marangu tukasimama Himo kununua ndizi, pembeni kuna madogo wanatungua maembe kwa mawe. Mzee akashuka kwenye gari akakunja mikono anaangalia, mimi nadhani anapunga upepo. Kulikuwa na dogo mmoja kajazia, kifua kama cha baba wa watu, anaangusha maembe kuliko wenzake wote, mzee hakumtazama mara mbili. Akaninong'oneza, huyu ameshamaliza kukua. Macho yalikuwa kwa kimoja chembamba kirefu, mawe yake yanaenda kokote, moja lilitua kwenye bati la mama muuza mkaa mpaka tukatukanwa wote. Akanionyesha, angalia mguu wa mbele ukitua, angalia nyonga inavyotangulia kuzunguka, bega linafuata, mkono unakuja mwisho kabisa kama ameusahau nyuma, alafu hajikazi. Angalia viganja vikubwa, mabega mapana kwenye mwili usio na nyama. Kulenga anafundishwa, akasema, ule mkono hafundishwi mtu. Alafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: mama yake mrefu?

Huku kwetu tunafanya kinyume bana. Mwalimu anataka kombe la wilaya mwaka huu, anachukua kibonge kilichoota ndevu kinasoma la saba, cheti cha kuzaliwa hakuna anayeuliza. Na wenzetu nao yamewakuta, 2001 kuna dogo Danny Almonte, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika anayechezea Bronx, alitikisa mashindano ya watoto Marekani, akamaliza mechi nzima hakuna aliyemgusa, baadaye ikagundulika cheti kimechezewa na wakubwa, ana miaka 14 anacheza na wa 12. Ligi kuu hakufika. Na kwa macho ya skauti hilo halishangazi, maana alama ya leo ilikuwa kubwa kwa sababu mwili ulikuwa umetangulia wengine.

Namna ya kuwapata iko hivi kwa ufupi. Wa Marekani wanapitia mchujo wa kila Julai, timu zinapokezana kuchagua raundi 20 tangu 2021, zamani zilikuwa 40. Wa nje, Dominika, Venezuela na kwingine, wanaruhusiwa kusaini wakifika miaka 16, na pale Dominika timu zimejenga vituo, Dodgers walifungua cha kwao Campo Las Palmas 1987, dogo analala humo, anakula vizuri, anafundishwa Kiingereza. Hapo ndo alipita Pedro Martínez. Ila Dodgers wakaona kamwili kadogo, hakatahimili, mwishoni mwa 1993 wakamtoa kwenda Montreal, na huko akaja kubeba tuzo ya Cy Young, ya pitcha bora, 1997, alafu akaibeba tena akiwa Boston, 1999 na 2000. Kwahiyo namba ya pili nayo inadanganya, tena mara nyingi tu. Mariano Rivera wa Panama, baba yake mvuvi, alikuwa anacheza nafasi nyingine kabisa, siku moja pitcha wao kachemka akajitolea kurusha yeye, Yankees wakamsaini 1990 kwa dola elfu mbili tatu hivi. Spidi yake kwenye tochi ilikuwa ya kawaida. Skauti aliupenda ule mkono kwenda bila kujikaza, na huyo ndo mtu wa kwanza kuingia jumba la magwiji kwa kura zote, 2019.

Ukishasainiwa sasa unaanza kusota. Kuna ngazi za ligi ndogo, unapanda moja moja, mabasi usiku, kamera zinazopiga picha za haraka sana kuonyesha vidole vinavyouachia mpira, mashine inayohesabu mpira umezunguka mara ngapi, kocha anakubadilishia namna ya kuushika, anakuongezea mpira wa polepole unaorushwa kwa mkono ule ule wa kasi ili mpigaji apige hewa. Miaka minne, mitano, na wengi hawafiki juu. Mi hapo ndo nawavulia kofia, wana hela ya kusubiri. Hapa dogo akiharibu mechi mbili kocha ameshamsahau jina.

Ila kuna kitu sikipendi. Madogo wote siku hizi wanajua tochi inalipa, na wazazi wanajua, basi kila mpira unarushwa kwa nguvu zote. Wastani wa mpira wa kasi ligi kuu ulikuwa km 147 kwa saa mwaka 2008, 2024 umefika karibu 152. Viwiko vinakatika. Kuna kano ndani ya kiwiko ikichanika unawekewa nyingine kutoka sehemu nyingine ya mwili, daktari Frank Jobe alimfanyia Tommy John 1974 na upasuaji ukabaki na jina la mgonjwa, kupona mwaka mzima na zaidi. Desemba 2024 ligi yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba kukimbizana na spidi ni moja ya sababu kubwa. Mwongozo wao unasema dogo wa miaka 13 hadi 16 asizidishe mirusho 95 kwa siku, ila nani anahesabu huko mitaani, na dogo akirushia timu tatu tofauti wiki moja?

Mtu ataniuliza sisi inatuhusu nini. Waganda hapo jirani wameanza, 2022 Dodgers walisaini madogo wawili, mmoja pitcha anaitwa Ben Serunkuma, alafu Pirates wakamchukua David Matoma, naye pitcha. Sisi tuna uwanja pale Azania Dar, Wajapani wametusaidia sana, ila huku kaskazini hamna kitu. Tuna mkuki lakini. Na 2008 huko India walifanya shindano la kutafuta mikono, washindi Rinku Singh na Dinesh Patel walikuwa warusha mkuki, besiboli hawajawahi kucheza, mwaka huo huo Pirates wakawapa mikataba. Ligi kuu hawakufika, ila Singh alirusha misimu kadhaa ligi ndogo.

Kwahiyo kama una dogo anarusha mkuki shuleni mpige video kwa simu, simama pembeni, weka slomo, uone nyonga inatangulia bega au vinaenda pamoja. Mtoto wa dada yangu nimeshampiga, nyonga inatangulia safi kabisa, viganja anavyo, shida mama yake mfupi.