Tembo wa Tunduru

Desemba ya 2005 pale Oysterbay, Dar es Salaam, joto lilikuwa kali na vuli ilisuasua, kwa hiyo vumbi halikutulia. Kwa mchoraji wa Tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, hiyo ni balaa. Tunachorea rangi za mafuta za kopo, zilezile za kupakia baiskeli na milango, na zikiwa bado mbichi hunasa kila kinachopita hewani. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kunasua wadudu kwa ncha ya sindano. Unamdokoa bawa, unamwinua taratibu, halafu unaziba alama yake kwa tone la rangi ileile. Ukimgusa tumboni anapasuka, na hapo machweo yote unayapaka upya huku mjomba akikutazama bila kusema neno.

Wateja walikuwa wachache. Uchaguzi ulisogezwa kutoka Oktoba hadi tarehe 14 Desemba, na wazungu wengine waliona bora wasubiri yaishe. Kikwete alipoapishwa tarehe 21, soko likaanza kupumua. Wenzetu walihangaikia Krismasi. Sisi wa Tunduru, kule kusini, tulikuwa tunaipigia hesabu Idi ya kuchinja, iliyoangukia Januari. Nauli, sukari, khanga za mama, betri za redio ya mzee. Daraja la Mkapa lilikwishafunguliwa pale Rufiji, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado udongo mtupu, na basi likinasa mnalala hapohapo.

Mjomba alikuwa na desturi yake ya kufunga mwaka. Picha zote zisizouzika zilitolewa nje zikaegemezwa ukutani, naye akapita mbele yake kama kamanda anayekagua gwaride. Aliyoinyooshea kidole ilifunikwa: unaipiga rangi ya chini upya, ikikauka unachora kingine juu yake. Hadibodi, ile bodi ya kuchorea, ilikuwa ghali, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuweka makumbusho kibandani.

Siku hiyo kidole kiliangukia tembo wangu.

Hapo niseme kitu. Mzee Edward Tingatinga alianza kuchora 1968, akauawa kwa risasi ya polisi 1972, nami sikuwa nimezaliwa. Kwao ni Tunduru, na wengi waliomfuata walikuwa ndugu zake na watu wa huko. Lakini Kilimanjaro tuliyokuwa tukiichora kila siku, mimi niliijua kwenye kalenda tu. Simba sikuwahi kumwona. Tembo ndiye niliyemjua, na hakuwa yule wa madoadoa anayetabasamu chini ya mbuyu. Tembo wa kwetu huingia shambani usiku, na alfajiri mnakuta mahindi yamelala chini na mama ameshika kiuno. Basi nilichora hivyo: giza, shamba, watu wanapiga madebe, na tembo ana bua mdomoni, wala hana habari nao. Ilikaa ukutani tangu masika. Watalii waliisogelea, wakaitazama, wakanunua twiga.

"Mjomba, huyu hapana," akaniambia. "Mtu hasafiri kutoka Ulaya kuja kununua njaa."

"Lakini ndivyo walivyo, mjomba."

"Najua walivyo. Shamba la bibi yako walilila mara ngapi? Funika."

Bodi ilikuwa yake, rangi yake, na chakula nilikuwa nakula kwake. Nikaifunika kwa buluu. Rangi ya kopo ikiwa nzito huacha matuta, kwa hiyo ukiinamisha bodi kwenye mwanga uliweza kuona mkonga ukipita chini ya anga. Juu yake nikachora twiga watatu. Ikanunuliwa kabla ya mwaka mpya na baba mmoja aliyekuwa na wanawe, wala hakuinamisha kitu. Mjomba akatoa gharama zake, kilichobaki akanipa mkononi: nauli ikatimia na khanga zikapatikana.

Nyumbani, siku ya pili ya Idi, mzee akaniuliza mjini nachora nini. Nikamwambia wanyama. Akataka kujua kama kuna mtu anatoa pesa kwa ajili ya tembo. Nikasema wapo. Alicheka mpaka akakohoa, akasema basi waje wamchukue aliyeko kule bondeni, yeye atawapa bure.

Niliporudi Dar, bodi yangu ya kwanza ya mwaka huo niliinunua mwenyewe, kipande cha masalio kwa fundi seremala. Mjomba akaona nakoroga rangi nyeusi.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu, mjomba. Hii haifunikwi."

Akaigeuza nyuma, akaigonga kwa kidole kuona kama imeingia maji, akanirudishia. "Haya," akasema. "Ikikushinda kuuza, utaila."