Kumpeleka Mama Ostia

Mama anakuja Roma Oktoba, inshallah, na usiku huu nimekaa na kalenda nikitafuta siku ya kumpeleka kwenye magofu ya Warumi. Alitaka kuja Julai, wajukuu wakiwa likizo. Nikamsihi asubiri. Joto la Tanga analijua tangu kuzaliwa, lakini Tanga kuna upepo wa bahari na vivuli vya miembe. Magofu ya huku mengi hayana paa. Mawe yanapigwa jua tangu asubuhi, na ikifika saa saba mchana joto lote linakurudia usoni. Kwa mtu mwenye presha na magoti yanayouma, siwezi kulijaribu hilo.

Rafiki zangu wananiuliza kwa nini nisimpeleke Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na volkano. Pompeii naipenda sana, ila watu hufurika kiasi kwamba tangu Novemba 2024 wamewekewa kikomo cha wageni 20,000 kwa siku. Hao bado ni wengi mno kwa Mama. Katikati ya umati hunyamaza, anashika mkoba wake kwa mikono miwili na kungoja tuondoke. Pakiwa na utulivu huuliza, hugusa, hukumbuka mambo. Huyo ndiye Mama ninayetaka kutembea naye.

Kwa hiyo ni Ostia Antica, iliyokuwa bandari ya Roma kwenye mlango wa mto Tiber. Treni ya kutoka stesheni ya Porta San Paolo, Roma, huchukua kama nusu saa, na tiketi ni ile ile ya basi la mjini. Magofu yametanda eneo kubwa, wageni wanatawanyika, na ipo misonobari ya kupumzikia chini yake. Kinachonitia wasiwasi ni barabara kuu, Decumanus Maximus: imetandikwa mawe meusi ya volkano, makubwa, yasiyolingana. Tutapita pembeni, polepole, naye atavaa raba.

Jumatatu wanafunga. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, na hiyo ndiyo naikwepa kuliko zote. Nimeandika Jumatano, mwanzoni mwa Oktoba kabla mvua hazijakolea, tuwe getini saa mbili na nusu wanapofungua.

Hatutasimama kila jengo. Tutakwenda moja kwa moja nyuma ya ukumbi wa maigizo, kwenye uwanja uliozungukwa na ofisi za wafanyabiashara wa baharini. Sakafuni kuna michoro ya vijiwe: meli, mnara wa taa, na mbele ya ofisi ya watu wa Sabratha, mji uliopo Libya ya leo, tembo. Namtaka Mama amwone tembo huyo. Ni wa Afrika Kaskazini, si wa kwetu, lakini katika karne ya 1 mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki ulilitaja soko la Rhapta, kwenye pwani yetu, kuwa na pembe za ndovu kwa wingi. Mama amekulia jirani na makaburi ya nguzo ya Tongoni. Habari za pwani na wageni wa majahazi hazimchoshi.

Baada ya hapo, hata kama ni saa nne tu, na hatujaiona nusu ya mji, tutakula chini ya msonobari kisha turudi stesheni. Akitaka zaidi, nimeiacha wazi na Alhamisi.