Siku moja maishani mwangu: mtaalamu wa fiziotherapia miongoni mwa wanajeshi wanawake wastaafu

Saa moja asubuhi huwa nimekwisha kufika kazini, hapa North Carolina, ninapowahudumia wanawake waliolitumikia jeshi la Marekani, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 70.

Saa mbili tunapima nguvu za miguu. Mhusika hukunja mikono kifuani, kisha husimama na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10 huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka, na kwa kuwa mifupa hupungua uimara baada ya hedhi kukoma, anguko moja laweza kumvunja nyonga. Leo muuguzi aliyehudumu Vietnam amefikisha mara nane. Nilipomuuliza kama goti linamuuma alikana, ilhali vidole vyake vilikuwa vimelibana paja.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, si kwenye mazoezi. Hadi 1975 jeshi liliweza kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu tu ni mjamzito, na mtu aliyejua kwamba mwili wake ungeweza kumfukuzisha alijifunza mapema kuuficha. Kwa hiyo siku hizi siulizi habari za maumivu.

"Luteni," nikamwambia muuguzi yule, kwani ndivyo apendavyo kuitwa, "ngazi za nyumbani unatanguliza mguu gani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba tangu majira ya baridi analala sebuleni.

Saa nne ni mazoezi ya kusimama bila kuyumba na ya kunyanyua vyuma vyepesi. Wanayafanya kwa nidhamu ambayo vijana wangu wa jioni hawana.

Saa sita nawashawishi wale chakula cha mchana pamoja, maana upweke nao huzeesha. Wanawake wapatao 11,000 walihudumu Vietnam, wengi wakiwa wauguzi, lakini mpaka leo wapo wanaofika mapokezini na waume zao, na karani akamuuliza mume alihudumu kikosi gani. Mimi huona hilo linawaumiza kuliko magoti.

Alasiri ni ya makaratasi na simu. Luteni nimemwandikia rufaa ya picha ya goti na ombi la kufungiwa vishikio kwenye ngazi, naye amekubali yote kwa sharti moja, kwamba binti yake asiambiwe.