Nairobi hadi New York: kilomita 11,800, saa 15 angani

Kutoka uwanja wa ndege wa JKIA (Nairobi) hadi wa JFK (New York) kwa njia fupi ya anga ni takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8. Kwenda huchukua kama saa 15, kurudi kama 14.

Tofauti hiyo inatokana na upepo. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa juu ya Atlantiki ya Kaskazini: unaisukuma ndege inayorudi na kuizuia inayokwenda. Kwa hiyo kugawanya kilomita kwa mwendo wa 900 kwa saa hukupa saa 13, jibu zuri la darasani lakini si la tiketi. Tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine.

Halafu kuna mwinuko. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka ndege iliyojaa mafuta hupata shida kupaa. Usiku wa baridi husaidia.

Saa za kufika: ukiondoka 23:30, baada ya saa 15 Nairobi ni 14:30. Kupata saa ya New York, toa 7 kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Novemba, toa 8 miezi mingine.

Unaunganisha kwenda Kanada? Viza ya Marekani bado inahitajika, na mabegi utayachukua mwenyewe JFK. Acha angalau saa tatu.